Salio la Kadi Zawadi kwa Michezo ya Video: Linavyopatikana, Linavyotumika na Tahadhari kwa Mwananchi

Na Mwandishi Wetu

Mzazi anayemkabidhi mwanawe simu janja wakati wa likizo huenda akakutana na ombi lisilomwelea: anatakiwa anunue kadi ya Google Play, au Robux, au almasi za mchezo fulani. Haombwi bidhaa inayoshikika mkononi wala muda wa maongezi. Anaombwa mfululizo wa herufi na namba ambazo, zikiingizwa katika akaunti, hugeuka kuwa salio la kununulia mchezo au vitu vinavyotumika ndani ya mchezo.

Salio hilo hupatikana kwa njia mbili kuu: kununuliwa kwa fedha, au kuchumwa kupitia programu zinazotoa zawadi kwa wanaojibu maswali, wanaotumia huduma fulani au wanaouza vitu walivyopata mchezoni. Njia zote mbili ni halali zikifuatwa kwa taratibu zake. Hata hivyo, eneo hili limevutia matapeli, limesababisha fedha za familia kutumika bila ridhaa ya wazazi, na limewaacha wanunuzi wengi wakiwa na salio wasiloweza kulitumia kwa sababu tu hawakujua masharti. Makala haya yanaeleza namna salio hili linavyofanya kazi, njia za kweli za kulipata, haki za mnunuzi na mahali pa kutoa taarifa pindi mambo yanapokwenda kombo.

Kadi zawadi ni nini

Njia nyepesi ya kuielewa kadi zawadi ya kidijitali ni kuilinganisha na vocha ya simu ya kukwangua. Vocha ilikuwa na namba zilizofichwa. Mteja alikwangua, akaziingiza katika simu, na salio likaingia kwenye laini yake. Karatasi iliyobaki haikuwa na thamani tena. Kadi zawadi hufuata utaratibu huohuo. Huweza kuuzwa ikiwa kadi ya plastiki dukani, au ikatumwa kwa barua pepe ikiwa msimbo mtupu. Thamani imo katika msimbo, si katika kadi.

Kadi hizi ni za aina mbili. Aina ya kwanza ni kadi za duka zima, kwa mfano Google Play kwa simu za Android, Apple kwa simu za iPhone, Steam kwa kompyuta, na maduka ya PlayStation, Xbox na Nintendo kwa mashine za michezo zinazounganishwa na runinga. Salio lake hununua chochote kinachouzwa katika duka husika. Aina ya pili ni kadi za mchezo au jukwaa moja, kama vile zile za Robux zinazotumika ndani ya Roblox na V-Bucks zinazotumika ndani ya Fortnite.

Salio la kadi zawadi lina tabia tatu ambazo mwananchi anapaswa kuzifahamu kabla ya kutoa hata shilingi moja.

Kwanza, ni njia ya kwenda bila kurudi. Fedha huingia katika akaunti, lakini kwa kawaida haitoki tena kuwa fedha taslimu. Masharti ya Steam, kwa mfano, yanaeleza kuwa salio la pochi yake halina thamani nje ya Steam na haliwezi kuhamishiwa kwa mtu mwingine.

Pili, msimbo hauna jina la mwenyewe. Yeyote anayeuona na kuuingiza wa kwanza ndiye anayepata salio. Kwa hiyo, kupiga picha kadi na kuituma kwa mtu ni sawa na kumkabidhi noti mkononi.

Tatu, salio limefungwa na nchi. Jambo hili ndilo linalowaumiza wanunuzi wa Afrika Mashariki kuliko mengine, na linastahili maelezo ya peke yake.

Nchi ya akaunti na nchi ya kadi

Kila akaunti ya duka la michezo ina nchi iliyosajiliwa. Kadi nayo hutolewa kwa ajili ya nchi au sarafu maalumu. Kadi ya Google Play iliyotolewa kwa ajili ya Marekani haitakubalika katika akaunti iliyosajiliwa Tanzania, hata kama imelipiwa kihalali na risiti ipo. Kadi ya Apple hutumika katika duka la nchi ilikonunuliwa. Kwa PlayStation, nchi ya akaunti huchaguliwa mara moja wakati wa kujisajili na haibadilishwi baadaye. Msimbo wa nchi nyingine hukataliwa.

Wapo wanaoshauriwa kubadili nchi ya akaunti ili kadi ikubalike. Ushauri huo una gharama zake. Google huruhusu kubadili nchi ya akaunti ya Play mara moja tu kwa mwaka, na salio lililokuwamo katika nchi ya awali halitumiki katika nchi mpya. Apple humtaka mteja amalize kwanza salio alilonalo kabla ya kubadili nchi. Anayetoa taarifa za uongo kuhusu mahali anapoishi huvunja masharti aliyoyakubali, na akaunti yake yaweza kufungwa pamoja na kila kilichomo.

Ndugu aliyeko Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba anayetaka kumtumia mtoto zawadi ya kadi nyumbani anashauriwa kuuliza kwanza nchi ya akaunti ya mpokeaji. Mara nyingi ni salama zaidi kutuma fedha kwa njia rasmi ili mzazi anunue mwenyewe, kuliko kutuma msimbo ambao utakataliwa na ambao duka lililouuza halitaupokea tena.

Njia za kweli za kuchuma salio bila kununua

Zipo programu halali zinazotoa salio bila mtumiaji kulipa fedha. Mwananchi azifahamu kwa majina na kwa mipaka yake, kwani ni katika neno "bure" ndipo matapeli hujificha.

Programu ya Google Opinion Rewards, iliyoanza mwaka 2013, humtumia mtumiaji maswali mafupi kuhusu maeneo aliyotembelea au bidhaa anazozifahamu. Kwa watumiaji wa Android malipo yake ni salio la Google Play, na kwa kawaida dodoso moja hulipa kiasi kisichozidi dola moja ya Marekani. Programu hii haipatikani katika kila nchi, na salio linalotokana nayo huisha muda wake baada ya mwaka mmoja.

Microsoft Rewards huwapa watumiaji pointi kwa kutafuta taarifa kupitia Bing na kwa shughuli nyingine, zikiwamo za Xbox. Pointi hubadilishwa kuwa kadi zawadi katika nchi ambazo huduma hiyo inatolewa. Ili kuizuia isichezewe, kampuni huweka kikomo cha pointi za kila siku na hufunga akaunti za wanaotumia programu za kutafuta kwa niaba yao.

Katika Steam, michezo mingi humpa mchezaji kadi za kukusanya kadiri anavyocheza. Kadi hizo huuzwa katika soko la ndani la Steam, na mauzo huingia katika pochi ya muuzaji. Soko hilo hutoza ada: asilimia 5 ya Steam yenyewe na, kwa michezo mingi, asilimia 10 ya mchezo husika, zikihesabiwa juu ya kiasi anachopokea muuzaji. Hivyo mnunuzi akilipa dola 1.15, muuzaji hupata dola 1.00. Asiyelinda akaunti yake kwa uthibitisho wa simu huweza kusubiri hadi siku 15 kabla ya kitu alichokiweka sokoni kuonekana kwa wanunuzi.

Roblox ina njia ya kipekee. Mtu anayetengeneza michezo au mapambo yanayopendwa na wengine huchuma Robux kutokana na kazi yake, na akifikisha angalau Robux 30,000 alizochuma anaweza kuomba zibadilishwe kuwa fedha halisi, iwapo ametimiza masharti mengine ya kampuni. Robux zilizonunuliwa au kupewa zawadi hazihesabiwi. Kwa kijana mwenye ari ya kujifunza uandishi wa programu, hii ni njia inayomjengea stadi na si ya kupitisha muda pekee.

Je, uchumaji huu una tija? Hesabu ndogo inatosha kujibu. Tuseme mtu anapata dodoso moja kila wiki lenye malipo ya senti 20 za dola. Kwa wiki 52 atakuwa amepata dola 10.40. Hicho ni kiasi cha kununulia mchezo mmoja wa bei nafuu kwa mwaka. Si kipato cha kutegemewa. Yeyote anayeahidi kiasi kama hicho kwa siku moja, bila kueleza nani analipa na kwa nini, anastahili kutiliwa shaka.

Gharama nyingine isiyoonekana ni taarifa binafsi. Kampuni hulipa dodoso kwa sababu majibu yana thamani kwao. Mtumiaji asome ni taarifa gani zinakusanywa, hususan mahali alipo na tabia zake za ununuzi, kisha aamue kama senti anazopata zinalingana na anachotoa.

Kununua salio kwa usalama

Maduka mengi makubwa ya michezo hupokea kadi za benki, na baadhi hupokea malipo kupitia simu kutegemea nchi na mtandao. Wananchi wasio na kadi ya benki hutumia kadi pepe zinazounganishwa na akaunti zao za fedha za mtandao wa simu. Anayeweza kulipa moja kwa moja ndani ya duka rasmi kwa njia hizo hana sababu ya kutafuta msimbo kwa mtu wa kati.

Anayelazimika kununua kwa wakala azingatie mambo matatu. Bei ikiwa chini mno kuliko thamani iliyoandikwa kwenye kadi, chanzo chake huenda ni kadi ya benki iliyoibwa. Mwenye kadi hiyo akishagundua wizi na kudai fedha zake, msimbo hufutwa na akaunti ya aliyeutumia huweza kufungwa. Kadi ya plastiki ikaguliwe kama sehemu ya kukwangua haijaguswa. Risiti itunzwe hadi salio litakapoonekana katika akaunti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kauli hiyo inagusa msimbo wa kidijitali sawasawa na inavyogusa shehena ya dukani.

Aidha, bei za Steam kwa watumiaji wa Tanzania huonyeshwa kwa dola. Mnunuzi akumbuke kuwa benki au mtandao wa simu utabadilisha fedha kwa kiwango chake na huenda ukaongeza ada, hivyo makato yatazidi ile bei aliyoiona. Kwa wauzaji waliopo hapa nchini, Kanuni za mwaka 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kutangaza bei na kulipia bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Wakala wa kadi aliyeko Kariakoo au Mwanza anapaswa kutaja bei yake kwa shilingi.

Namna ya kulitumia salio

Msimbo huingizwa ndani ya programu rasmi ya duka au tovuti yake, baada ya mwenye akaunti kuingia kwa jina na nywila yake. Hakuna haja ya kuuingiza mahali pengine popote. Tovuti zinazojitangaza kuwa "hukagua salio la kadi" kwa kumtaka mtu aandike msimbo wake wote ni mtego unaofahamika: msimbo ukishaandikwa huko, salio huchukuliwa ndani ya muda mfupi.

Baada ya salio kuingia, busara ni kutofautisha manunuzi ya aina tatu. Kwanza ni mchezo kamili, ambao mnunuzi anajua bei na anachopata. Pili ni sarafu na mapambo ya ndani ya mchezo. Hapa fedha hubadilishwa mara mbili: shilingi huwa salio, kisha salio huwa almasi au sarafu. Mabadiliko hayo hufifisha hisia ya bei halisi, na vifurushi hupangwa kwa namna ambayo mara nyingi hubakisha sarafu chache zisizotosha kununua kitu kingine. Mchezaji ajiwekee utaratibu wa kurudisha kila bei katika shilingi kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua.

Tatu ni masanduku ya bahati, ambayo mnunuzi hulipia bila kujua atakachopata. Mwezi Aprili 2018, mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kuwa masanduku ya aina hiyo katika michezo kadhaa maarufu yalikuwa kamari kwa mujibu wa sheria ya nchi hiyo, na kampuni zikalazimika kuyaondoa huko. Mzazi anayeona mwanawe akifungua masanduku hayo mfululizo asichukulie kuwa ni mchezo wa kawaida.

Kurejeshewa fedha

Haki ya kurejeshewa hutofautiana kati ya duka na duka, na muda ni mfupi. Steam hupokea maombi ndani ya siku 14 tangu mchezo uliponunuliwa, iwapo mchezo huo umechezwa kwa muda usiofikia saa mbili. Google Play kwa kawaida huangalia maombi yanayowasilishwa ndani ya saa 48. PlayStation huruhusu ndani ya siku 14 iwapo mnunuzi hajaanza kupakua mchezo.

Mambo mawili huwashangaza wengi. Manunuzi yaliyofanywa kwa salio la kadi zawadi hurejeshwa kuwa salio, si fedha. Vilevile, msimbo ulionunuliwa kwa muuzaji wa nje na kuingizwa katika akaunti haurejeshwi na duka la michezo. Malalamiko yake hupelekwa kwa muuzaji. Ndiyo maana risiti ina umuhimu.

Salio lina umri

Mwananchi asihifadhi salio kana kwamba ni akiba ya benki. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2009 inazuia kadi zawadi zilizonunuliwa kuisha muda kabla ya miaka mitano, lakini haizihusu zawadi za promosheni. Ndiyo sababu salio lililochumwa kwa dodoso huweza kuisha mapema ilhali lililonunuliwa hubaki.

Duka lenyewe laweza kufungwa. Nintendo ilisitisha uwezekano wa kuongeza salio kwa kadi katika maduka ya mashine zake za 3DS na Wii U tarehe 29 Agosti, 2022, na tarehe 27 Machi, 2023 ikasitisha mauzo katika maduka hayo. Waliofuatilia matangazo waliweza kuunganisha salio lao na akaunti mpya. Waliochelewa walipoteza nafasi hiyo. Kanuni ya busara ni kuweka salio la kiasi kinachohitajika kwa ununuzi uliokusudiwa, na si zaidi.

Ulinzi wa watoto na fedha za familia

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Michezo mingi inayouza sarafu za ndani huchezwa na watoto, na uzoefu wa nchi nyingine unaonyesha ukubwa wa tatizo la manunuzi yasiyo na ridhaa.

Mwaka 2014, kufuatia hatua za Tume ya Biashara ya Shirikisho la Marekani, kampuni ya Apple ilikubali kuwarejeshea wateja angalau dola milioni 32.5, na Google angalau dola milioni 19, kutokana na watoto kununua vitu ndani ya programu bila idhini ya wazazi. Mwezi Desemba 2022, kampuni ya Epic Games inayotengeneza Fortnite ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 520: milioni 275 kwa ukiukaji wa faragha ya watoto na milioni 245 za kuwarejeshea wateja, baada ya kudaiwa kuwa vitufe vyake vilipangwa kwa namna iliyowafanya wachezaji wanunue bila kukusudia.

Hatua za kujilinda hazihitaji utaalamu mkubwa. Programu ya Family Link ya Google humwezesha mzazi kuidhinisha kila ununuzi wa mtoto. Apple ina utaratibu wa mtoto kuomba na mzazi kukubali katika simu yake. PlayStation na Roblox huruhusu mzazi kuweka kikomo cha matumizi kwa mwezi. Mtoto awe na akaunti yake yenye umri wake halisi, na namba ya siri ya akaunti ya fedha ya simu isihifadhiwe mahali anapoweza kuifikia.

Kwa mtazamo huo, kadi zawadi yaweza kuwa msaada badala ya tatizo. Tofauti na kadi ya benki iliyounganishwa na akaunti, salio la kadi lina ukomo: likiisha, ununuzi unakoma. Mzazi anayempa mtoto kiasi kidogo kinachojulikana, na kumwacha apange mwenyewe akitumie vipi, anamfundisha nidhamu ya fedha.

Utapeli unaotumia kadi zawadi

Utapeli wa kwanza ni wa "salio la bure". Tovuti, video na makundi ya mitandao ya kijamii hudai kuwa na mashine ya kuzalisha Robux, almasi au misimbo ya kadi. Mhusika hutakiwa kuandika jina na nywila ya akaunti yake, kupakua programu au kujaza fomu nyingi. Kampuni ya Roblox imeeleza bayana kuwa hakuna mashine ya aina hiyo. Kinachotokea ni mtumiaji kupoteza akaunti, au simu kuingiziwa programu ya kuiba taarifa, zikiwamo za fedha.

Utapeli wa pili humlenga hata asiyecheza mchezo wowote. Mtu hupigiwa simu au kutumiwa ujumbe na anayejifanya ofisa, bosi wake, mpenzi wa mtandaoni au ndugu mwenye dharura, akitakiwa anunue kadi zawadi na kusoma msimbo kwa simu. Sisi tumezoea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Huu ni uleule uliovaa vazi jipya. Matapeli hupenda kadi kwa kuwa msimbo huvuka mipaka kwa sekunde chache na ni vigumu kuurejesha. Kwa mwaka 2023 pekee, wananchi wa Marekani waliripoti kwa Tume iliyotajwa hapo juu kuwa walipoteza dola milioni 217 kupitia kadi zawadi na kadi za kuongezwa salio.

Mwananchi akumbuke kanuni moja isiyo na ubaguzi: malipo ya Serikali hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa kupitia mfumo wa GePG. Hakuna kodi, faini, ada, dhamana, ajira wala mkopo wa Serikali unaolipiwa kwa kadi ya Google Play, Apple au Steam. Anayedai malipo kwa njia hiyo, hata awe na sare na mhuri, ni tapeli.

Sheria na mahali pa kutoa taarifa

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya udanganyifu kwa kutumia kompyuta, kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini na kujifanya mtu mwingine mtandaoni kuwa makosa ya jinai. Kuiba akaunti ya mchezo yenye salio si utani wa vijana, ni kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeweka haki za mwananchi juu ya taarifa zake na kuanzisha Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo hupokea malalamiko. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na inasimamiwa na Tume ya Ushindani.

Aliyetapeliwa achukue hatua zifuatazo bila kuchelewa:

1. Awasiliane na kampuni iliyotoa kadi kupitia programu au tovuti yake rasmi, akiwa na msimbo na risiti, na kuomba msimbo uzuiwe. Dakika za mwanzo ndizo zenye nafasi ya kuokoa salio ambalo halijatumika.

2. Abadili nywila ya akaunti ya mchezo na ya barua pepe inayohusiana nayo, kisha awashe uthibitisho wa hatua mbili.

3. Kama alilipa kwa simu au benki, aujulishe mtandao au benki yake papo hapo.

4. Namba ya simu iliyotumika kwa utapeli airipoti kupitia namba 15040 iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kwa kupiga *106# anaweza pia kuhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

5. Atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu, akiwa na nakala za ujumbe, risiti na muda wa miamala. Asifute mazungumzo kwa aibu. Hayo ndiyo ushahidi.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Je, ninaweza kubadilisha salio kuwa fedha? Kwa kawaida hapana. Anayejitolea kulinunua kwa fedha taslimu kwa kuomba nywila yako huishia kuchukua akaunti nzima.

Je, mchezo niliounua kwa salio ni mali yangu milele? Unachonunua ni leseni ya kuutumia kwa masharti ya duka. Tangu Oktoba 2024, Steam huonyesha maelezo hayo kwenye ukurasa wa malipo.

Nimepewa msimbo na ukakataliwa, nifanye nini? Hakiki kwanza nchi ya akaunti na nchi ya kadi. Zikitofautiana, usibadili nchi kwa haraka. Rudi kwa aliyekuuzia ukiwa na risiti.

Mwanangu ananunua bila mimi kujua, nianzie wapi? Ondoa kadi ya benki na akaunti ya fedha za simu katika akaunti ya duka, washa udhibiti wa wazazi, kisha wasilisha ombi la kurejeshewa kabla muda haujapita.

Kwa muhtasari, salio la kadi zawadi ni huduma halali yenye manufaa kwa anayejua mipaka yake. Kabla ya kununua, hakiki nchi. Kabla ya kuchuma, uliza nani analipa na anachukua nini kwako. Msimbo wako usimpe yeyote kwa simu, kwa picha wala kwa ujumbe. Na pale mtu anayejitambulisha kuwa ni wa Serikali atakapokutaka ulipe kwa kadi ya michezo, kata simu, kisha toa taarifa kwa namba 15040.